Jicho Linapopotea Njia: Kutafuta na Kutibu Kasoro za Mpangilio Kwenye Dizaini

Programu ikiharibika hukupa ujumbe wa hitilafu. Bango likiharibika hunyamaza. Unachopata ni simu ya mtu anayeuliza mafunzo yanaanza saa ngapi, wakati saa umeiandika mwenyewe pale pale, chini ya tarehe. Au unapata kimya kirefu zaidi: kipeperushi kimesambazwa, ukurasa umefunguliwa na watu wengi, na hakuna aliyejiandikisha.

Wengi wetu tukifika hapo hukimbilia kuongeza. Tunaongeza rangi, kivuli, fremu, mshale. Kazi hii imenifundisha kinyume chake. Kasoro nyingi za dizaini ni za mpangilio wa umuhimu, yaani nini kionekane kwanza na nini kifuate, na mpangilio huo hurekebishwa kwa kushusha vitu zaidi kuliko kuvipandisha. Kitu hakiwi kikubwa peke yake. Huwa kikubwa kwa sababu cha jirani yake ni kidogo.

Nitatumia neno ngazi. Ngazi ya kwanza ni kile ambacho jicho hukiona kabla mtu hajaamua kusoma. Ya pili ni kile anachokitafuta akishavutwa. Ya tatu ni maelezo ya mtu ambaye ameshaamua na sasa anataka undani. Kwa kazi nyingi ngazi tatu zinatosha. Ukiona umefika tano, huenda mbili kati ya hizo unaziona wewe tu uliyezitengeneza.

Kabla hujagusa chochote, pima

Finya macho mpaka maandishi yasisomeke, au simama hatua kadhaa nyuma ya skrini. Kinachobaki ni mabaka ya giza na mwanga. Baka linalojitokeza mbele ya mengine ndilo ngazi yako ya kwanza, upende usipende. Kama ni pambo la pembeni au ukanda wa chini wenye nembo za wafadhili, basi hicho ndicho ulichokitangaza.

Kisha ondoa rangi zote, igeuze kazi iwe ya kijivu. Tofauti nyingi tunazozitegemea huyeyuka hapo, na utajua ni zipi zilikuwa tofauti za kweli.

Kipimo cha tatu kinahitaji mtu mwingine, asiyejua lolote kuhusu kazi hiyo. Muonyeshe kwa sekunde tano, funika, muulize: "Hii inahusu nini? Unatakiwa ufanye nini?" Usimuulize kama imependeza. Atakwambia imependeza kwa sababu ana adabu, na hutakuwa umejifunza kitu. Andika majibu yake kwa mfuatano ule ule aliotumia kuyatoa, maana mfuatano wenyewe ndio unaoutafuta.

Kuna hatua moja inayopaswa kutangulia hizo zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua karatasi, usifungue programu. Orodhesha kila kitu kinachotakiwa kuwemo, halafu kipe kila kimoja namba 1, 2 au 3. Namba 1 ni ya kitu kimoja tu. Ukikwama hapo, tatizo haliko kwenye dizaini, liko kwenye maelezo uliyopewa. Rudi kwa aliyekupa kazi umuulize: mtu akiondoka na jambo moja tu kichwani, liwe lipi? Hakuna fonti itakayokujibia swali hilo.

Dalili: "Kila kitu kinaonekana, lakini sijui nianzie wapi"

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, kwa hiyo tulitazame kwa karibu.

Chukua kipeperushi cha A4 cha mafunzo ya huduma ya kwanza. Kichwa, "Jifunze Huduma ya Kwanza," kimeandikwa kwa pointi 40 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), koza, yaani kwa herufi zilizonenepeshwa. Jina la waandaaji, pointi 34. Tarehe na saa, pointi 30, koza, nyekundu. Mahali, pointi 28, koza. Namba ya simu, pointi 32, ndani ya kisanduku cha njano. Mada tano za mafunzo, pointi 24, kila moja na alama yake ya tiki ya kijani. Na "Nafasi ni chache!" kwa pointi 36, nyekundu, imeinamishwa.

Kila uamuzi hapo una sababu yake. Tarehe ni muhimu, ikawa koza. Simu ni muhimu, ikapewa kisanduku. Mada ni muhimu, zikapewa tiki. Lakini tazama namba zenyewe: maandishi madogo kabisa ni 24, makubwa kabisa ni 40. Kubwa halifiki hata mara mbili ya dogo. Jicho halihesabu pointi, linalinganisha, na kati ya 34 na 36 halioni ngazi. Linaona wasiwasi: kuna tofauti kidogo, lakini haijulikani kama ilikusudiwa au ni bahati mbaya. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa wamefungiwa saba.

Sababu ni hiyo: tofauti ni finyu mno, na mkazo umegawiwa kila mtu. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, alionyesha kwamba kitu kinachotofautiana na wenzake kwenye orodha hukumbukwa vizuri zaidi kuliko hao wenzake. Tunapenda nusu ya kwanza ya jambo hilo na kuisahau ya pili. Ili kimoja kitofautiane, vingine sharti vifanane.

Tiba inaanza kwa kuvua. Ondoa koza zote, rangi zote, kisanduku, tiki, mwinamo. Rudisha ukurasa mzima kwenye fonti moja, pointi 14, nyeusi. Ukurasa utaonekana mtupu na utaogopa, lakini vumilia. Sasa panda kwa hatua mbili tu. Kichwa kiende pointi 72, hata kikilazimika kukaa mistari mitatu. Tarehe, saa na mahali viende 28, na vikae pamoja, kwa sababu msomaji huviuliza kwa pumzi moja. Vingine vyote vibaki 14. Kutoka 14 hadi 28 ni mara mbili; kutoka 28 hadi 72 ni zaidi ya mara mbili na nusu. Hizo ni ngazi ambazo hata aliyefinya macho anaziona.

Rangi itumike mara moja, kwenye namba ya simu, kwa kuwa hicho ndicho kitendo unachotaka mtu akifanye. Namba yenyewe haina haja ya kukua sana. Rangi imeshaifanyia kazi. "Nafasi ni chache" inashuka kutoka kwenye kupiga kelele na kuingia ndani ya sentensi: "Piga simu kujiandikisha, nafasi ni chache." Mada tano zinabaki pointi 14 bila tiki. Anayetaka kuzijua atazisoma, ameshavutwa tayari.

Kipimo ninachokitumia: ukubwa ukitaka uhesabike kuwa ngazi mpya, uzidi ule wa chini yake angalau mara moja na nusu. Wapo madizaina wanaopanda kwa uwiano wa 1.25, na kwa kitabu au makala yenye vichwa vidogo vingi, uwiano huo unafaa kabisa. Kwa bango ni mdogo mno. Jambo la pili: ukubwa, unene, rangi na nafasi tupu ni nyenzo nne tofauti, na kitu kimoja mara nyingi kinahitaji moja au mbili tu. Kichwa cha pointi 72 hakihitaji kuwa chekundu, kikapigiwa mstari, na kuwekewa kivuli. Ukimaliza nyenzo zote kwenye kichwa, utaitofautisha simu kwa kitu gani?

Dalili: watu wanauliza jambo ambalo limeandikwa

Usiwalaumu. Mtu akiuliza kilichoandikwa, maana yake alitazama pale alipotarajia kukikuta na hakukikuta, au alikutana na kitu kingine kikubwa zaidi akadhani ndicho.

Mfano unaojulikana duniani kote ni ule wa tuzo za Oscar, usiku wa tarehe 26 Februari 2017. Watangazaji wa filamu bora walikabidhiwa bahasha isiyo yao, ya mwigizaji bora wa kike. Kosa la kukabidhi lilikuwa la binadamu. Lakini itazame kadi iliyokuwa ndani yake. Juu kabisa, kwa maandishi makubwa, jina la tuzo zenyewe. Katikati, jina la mwigizaji na jina la filamu aliyoigiza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la kipengele: mwigizaji bora wa kike. Mtu aliyesimama mbele ya mamilioni aliiona kadi, akaona jina la filamu, likasomwa. Filamu hiyo haikuwa mshindi.

Panga upya ngazi za kadi hiyo kichwani. Jina la tuzo halikuwa na kazi yoyote pale juu. Kila aliyekuwemo ukumbini alijua yuko wapi. Kipengele ndicho kilichopaswa kuwa juu na kikubwa, kwa sababu ndicho kingemwambia msomaji, kabla hajafungua mdomo, kwamba kadi si yake. Mwaka uliofuata jina la kipengele lilikuzwa kwenye bahasha.

Tiba yake kwenye kazi yako ni kujiuliza msomaji anashika nini mkononi na ana swali gani wakati huo. Tiketi husomwa na mtu anayetafuta lango. Cheti husomwa na mtu anayetafuta jina. Fomu husomwa na mtu anayetaka kujua ajaze wapi. Jina la taasisi yako ni jibu la swali ambalo mara nyingi hajaliuliza, na bado ndilo tunaloliweka juu na kulikuza, kwa mazoea tu.

Dalili: rangi zinawaka, maandishi hayasomeki

Hapa kuna mkanganyo kati ya mambo mawili: ukali wa rangi na tofauti ya mwanga. Jicho husoma umbo la herufi kwa tofauti ya mwanga. Nyekundu juu ya kijani inagonga macho, lakini ukipima mwanga wake, nyekundu kamili ya skrini na kijani kamili cha skrini zina uwiano usiofika 3:1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21:1. Njano kamili juu ya nyeupe haifiki hata 1.1:1, na ndiyo maana kichwa cha njano kwenye karatasi nyeupe hupotea, hata ukikiandika kwa kalamu nene kiasi gani.

Miongozo ya WCAG, ya kuifanya wavuti itumiwe na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inayotolewa na shirika la viwango vya wavuti la W3C, inataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa maandishi makubwa, yaani kuanzia pointi 18, au pointi 14 yakiwa koza. Programu za kupima uwiano huo zipo bure kwenye intaneti. Unaingiza rangi mbili, unapata namba. Zitumie hasa kwa kijivu. Kijivu chenye msimbo #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa shida, 4.54:1. Chochote chepesi zaidi ya hapo kwa maandishi madogo ni kumnyima mtu maelezo kwa kisingizio cha unadhifu.

Lipo na jambo la watu wenyewe. Upofu wa rangi wa kuchanganya nyekundu na kijani si jambo adimu: kati ya watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini huwapata takriban wanaume 8 katika kila 100. Kama tofauti pekee kati ya "imethibitishwa" na "imekataliwa" ni kijani na nyekundu, kuna msomaji ambaye umempa vitu viwili vinavyofanana. Ongeza alama, au neno, au unene.

Tiba ya jumla: jenga dizaini nzima kwa kijivu kwanza. Ngazi zikishasimama bila rangi, leta rangi moja.

Dalili: kichwa kiko kwa herufi kubwa na bado hakionekani

Lugha yetu ina mtego hapa. "Herufi kubwa" ni herufi zenye ukubwa, na "herufi kubwa" pia ni A, B na C badala ya a, b na c. Mteja anasema, "Kichwa kiwe kwa herufi kubwa," akimaanisha kikuzwe. Dizaina anageuza herufi zote, na wote wawili wanashangaa kwa nini kichwa hakijapata nguvu.

Sababu ni ya upana. Maneno yetu ni marefu: "waliojiandikisha," "tunakukaribisheni," "yatakayofanyika." Ukiyaandika yote kwa A, B na C yanazidi kuwa mapana, na ili yaenee ndani ya pambizo unalazimika kupunguza pointi. Mwisho wake una herufi kubwa zilizo ndogo. Juu ya hayo, neno lililoandikwa hivyo linakuwa mstatili. Neno la kawaida lina vichwa na mikia, k inapanda na y inashuka, na herufi zake hutofautiana zaidi kwa umbo. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni alama za barabarani za Uingereza, zilizoanza kutumika Januari 1965, majina ya miji waliyaandika kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, kwa ajili ya dereva anayepita kwa kasi.

Tiba ni kurudisha herufi za kawaida, kisha kukuza. Nafasi uliyookoa kwa upana, itumie kwa kimo. Na fupisha: Kiswahili kinaweza kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na hiyo ni zawadi. "Tumehama." "Tunaajiri." "Jiandikishe." Hivyo ni vichwa kamili, na neno moja linaweza kujaza upana wote wa karatasi. Kichwa kama "Tangazo la Nafasi za Mafunzo kwa Wote Wanaopenda Kujifunza Huduma ya Kwanza" hakitatibiwa na fonti yoyote. Kinahitaji mkasi.

Zawadi hiyo hiyo ina hatari yake, na hili naliona ni muhimu kuliko yote katika sehemu hii. Katika Kiswahili, ukanushi kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa neno. "Inaruhusiwa," "hairuhusiwi." "Tumia," "usitumie." Mwili wa neno ni karibu ule ule, na anayepita haraka huona mwili. Kwenye tangazo la usalama, silabi moja haipaswi kuachiwa mzigo wa uhai wa mtu. "Usitumie lifti wakati wa moto" ikiandikwa kwa uzito mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, neno linalobaki kwenye jicho la mtu mwenye hofu ni "lifti." Ama ligeuze tangazo liseme cha kufanya, "Moto ukitokea, pita ngazini," na neno "ngazini" liwe ngazi ya kwanza, ama katazo lipewe alama yake, duara jekundu lenye mstari unaokata picha, kubwa kuliko maandishi.

Dalili: msomaji anaunganisha vitu visivyohusiana

Anasoma bei ya bidhaa ya juu akidhani ni ya chini. Anasoma maelezo ya picha kama mwanzo wa aya. Sababu hapa karibu kila mara ni nafasi tupu. Max Wertheimer, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya Gestalt, aliandika mwaka 1923 jinsi jicho linavyopanga vitu katika makundi, na ukaribu ni mojawapo ya kanuni alizozitaja: vilivyo karibu huonekana ni vya pamoja. Jicho hupanga makundi kwanza, husoma baadaye.

Gharama ya kusahau hilo ilionekana kwenye uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, katika kaunti ya Palm Beach, Florida. Majina ya wagombea urais yalipangwa kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakawekwa safu moja katikati. Al Gore alikuwa wa pili kwenye orodha ya kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Wapiga kura walioshuka orodha ya kushoto na kutoboa tundu la pili, kama jicho linavyofundishwa na mpangilio wenyewe, walimpa kura mtu wasiyemkusudia. Mishale ilikuwepo. Mshale ulishindwa na ukaribu.

Tiba: nafasi iliyo ndani ya kundi iwe nusu, au chini ya nusu, ya ile iliyo kati ya kundi na kundi. Angalia vichwa vyako vidogo. Kama kuna nafasi sawa juu na chini yake, kichwa kinaelea, hakina aya yake. Kipe pointi 24 juu na 8 chini, kitashuka na kukaa na watu wake. Fanya hivyo kabla ya kuchora mstari au fremu. Kila ninapoona dizaini yenye fremu ndani ya fremu, najua nafasi tupu ilishindwa kazi na mistari ikaajiriwa kuisaidia.

Pamoja na hilo, chunguza mstari wa kuanzia. Kuweka kila kitu katikati ya ukurasa huonekana salama, lakini kila mstari huanza mahali pake na jicho linatafuta upya. Kwa kichwa cha maneno matatu haidhuru. Kwa aya ya mistari sita, panga kushoto.

Dalili: picha inameza ujumbe

Uso wa mtu huvuta jicho kuliko karibu kitu chochote unachoweza kukiweka kwenye ukurasa, na jicho hufuata uso unatazama wapi. Kama aliye pichani anatazama nje ya ukurasa, anakuondolea msomaji. Geuza picha, au chagua nyingine ambayo mtazamo wake unaelekea kwenye kichwa. Usigeuze picha yenye maandishi ndani yake. Na kama maneno yamekaa juu ya picha yenye majani, umati au matofali, usihangaike na kivuli cha herufi. Sogeza maneno kwenye eneo tulivu kama anga au ukuta, au tia giza sehemu hiyo ya picha.

Dalili: kwenye kompyuta ni safi, ikitoka nje inapotea

Umeitazama kazi kwa kimo cha skrini yako, ukiwa umeikuza, ukiwa umekaa. Msomaji hayuko hapo.

Kwa simu, fanya hesabu. Picha ya tangazo yenye upana wa pikseli 1080 ikionyeshwa kwenye skrini ambayo kwa vipimo vya wavuti ina upana wa 360, imegawanywa kwa tatu. Maandishi uliyoyaweka kwa 24 yanaonekana kama 8. Kwa hiyo ngazi ya tatu kabisa kwenye picha kama hiyo isishuke chini ya 42 hivi, na kama haitoshei, si ya kwenye picha, ni ya kwenye maelezo yanayoambatana nayo.

Kwa bango la nje, watengeneza mabango wana kanuni ya kukadiria: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu aliye mita 30 anahitaji herufi ya sentimita 25. Unaweza kuiga umbali huo bila kuondoka kwenye kiti. Bango la upana wa mita 3 likitazamwa kutoka mita 30 ni sawa na kitu cha sentimita 6 kikitazamwa kutoka sentimita 60, ambao ndio umbali wako na skrini. Punguza kazi mpaka iwe na upana wa sentimita 6, pima kwa rula, usiguse kitufe cha kukuza. Unachokisoma hapo ndicho atakachokisoma mpita njia. Kisichosomeka, kifute, maana wino wake ni bure.

Dalili: ukurasa mrefu, watu wanasoma mwanzo tu

Mwaka 2006 kampuni ya utafiti ya Nielsen Norman Group ilieleza, kwa kufuatilia mienendo ya macho, jinsi watu wanavyopitia kurasa za wavuti kwa umbo linalofanana na herufi F: mstari wa juu, mstari mwingine chini kidogo, kisha kushuka pembeni kushoto. Wengi huichukua F kama ramani ya kudizainia. Naiona kuwa dalili. Jicho huteremka kando namna hiyo pale ambapo maandishi ni ukuta na hakuna kitu cha kulishika. Weka vichwa vidogo vinavyosema jambo, siyo "Utangulizi" na "Maelezo zaidi." Anza aya kwa neno lenye uzito. Punguza urefu wa mstari uwe kati ya herufi 45 na 75, na nafasi kati ya mistari iwe mara 1.4 hivi ya ukubwa wa herufi.

Dalili: "Kuza nembo"

Ombi hili huwaudhi madizaina, na nadhani tunakosea kuudhika. Anayelitoa ameona dalili ya kweli, ila ametaja dawa badala ya ugonjwa. Anachosema ni kwamba hajioni. Ukimkuzia nembo umeongeza fahali wa nane zizini, na wiki ijayo ataomba kichwa kikuzwe pia.

Angalia kwanza kinachoibana. Mara nyingi nembo imesukumwa kwenye kona, sentimita nusu kutoka ukingoni, jirani na namba ya simu na alama za mitandao ya kijamii, na nyuma yake kuna picha. Hamisha majirani. Iache na nafasi tupu pande zote, angalau sawa na nusu ya kimo chake. Iondoe juu ya picha uiweke kwenye rangi tulivu. Kama ukurasa una rangi nyingine inayoshindana na ya nembo, ishushe iwe kijivu. Usibadilishe ukubwa wa nembo hata kwa milimita moja. Kisha weka toleo la zamani na jipya kando kwa kando mbele ya mteja, na umuulize nembo inaonekana zaidi kwenye lipi.